Kiriaini Ile Nyingine

Muriithi alikuwa amechoka kabla ya mambo haya kuanza. Hilo lazima lisemwe mapema, ili baadaye lawama zigawanywe kwa haki. Alikuwa fundi wa baiskeli mjini Nyeri, mji uliojengwa mteremkoni, ambako mtu huisukuma baiskeli yake kupanda asubuhi na jioni huisihi breki kwa jina la Yesu. Kazi haikumpungukia. Kilichompungukia ni magoti. Kwa hiyo mwanawe wa kwanza, Simeon, alipomwambia kwamba amepata mchumba na kwamba mchumba huyo ni wa Kiriaini, upande wa Murang'a, Muriithi hakufikiria harusi wala wajukuu. Alifikiria vilima vilivyo kati ya Nyeri na Kiriaini, kimoja baada ya kingine.

"Hakuna wasichana hapa Nyeri?" aliuliza.

"Wako, baba."

"Wote wamekukataa?"

"Sijawauliza."

"Ungeanza na hao."

Lakini Kagure alikuwa msichana wa kuvukiwa vilima. Alifundisha shule ya msingi, na siku aliyokuja kusalimu alikuta mteja akibishana na Muriithi juu ya gurudumu, akamtazama yule mteja kama anavyotazamwa mtoto aliyesahau daftari, na mteja akaomba msamaha. Muriithi hakuona la kuongeza.

Basi mwaka ule kahawa ilipopanda bei, hata watu wa mashambani wakaonekana Karatina wamevaa tai siku ya Jumatano, Muriithi naye alivaa koti lake la kanisani, akachukua wazee wawili wa kumsindikiza, akaenda Kiriaini kuposa.

Baba yake Kagure alikuwa amefariki wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya msituni dhidi ya Waingereza, na aliyemlea ni kaka mkubwa wa huyo baba, Mzee Gatimu. Gatimu alikuwa mkulima wa chai, mfupi, mpana, mwenye sauti ya gunia la viazi likiangushwa sakafuni. Aliwapokea wageni vizuri. Uji ulinywewa. Mvua ilijadiliwa kwa heshima inayostahili mvua. Ndipo Gatimu akauliza swali ambalo mzee yeyote wa milima ile huuliza, si kwa ubaya, ila kwa sababu mtu hampi binti yake mgeni asiyejulikana alikotoka.

"Huyu kijana jina lake la nyumbani ni nani?"

"Kihara," alisema Muriithi. "Simeon Kihara."

Hapo hapakuhitajika maelezo. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na hata kama babu huyo aliitwa Upara, kwa maana hiyo ndiyo maana ya Kihara, mjukuu huubeba upara huo juu ya nywele zake zote.

"Kwa hivyo baba yako aliitwa Kihara," alisema Gatimu.

"Ndiyo."

"Kihara wa wapi?"

Jibu la swali hili Muriithi alikuwa amelihifadhi njia nzima kama peremende, akidhani litawafurahisha wenyeji. Alijibu kama mama yake alivyomfunza tangu utoto. "Wa hapa hapa. Kihara wa Kiriaini."

Na kweli liliwafurahisha. Msiba wenyewe ulianzia hapo.

Gatimu aliweka kibuyu chini. "Alienda wapi, huyo Kihara?"

"Alikuwa mtu wa reli, kule Karatina. Mimi nikiwa tumboni alimwambia mama kwamba anarudi kwao mara moja. Hakuonekana tena."

"Alikuwa mweupe?"

"Mama anasema alikuwa mweupe sana."

Gatimu alisimama. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Baba yangu alikuwa na mdogo wake," alisema. "Kihara. Mweupe kama ndizi iliyoiva. Alienda kufanya kazi ya reli, na mpaka leo. Baba alikufa akiwa ameketi pale mlangoni akiangalia hiyo barabara." Kisha akamkumbatia Muriithi kwa nguvu zote za mtu anayechuma chai. "Ndugu yangu! Hebu tazameni hii pua! Hii pua si ya kwetu?"

Watu wote walitazama pua. Walikubaliana kwamba ni ya kwao. Kondoo akachinjwa.

Muriithi alikula, kwa sababu alikuwa na njaa na kwa sababu ni vigumu kubishana na mtu anayelia. Kagure ndiye aliyesimama mlangoni na sinia mkononi na kuuliza lililohitaji kuulizwa.

"Baba mkubwa, kama huyu ni ndugu yako, Simeon ni nani kwangu?"

Mafuta ya kondoo yalisikika yakilia jikoni.

"Ni kaka yako," alisema Gatimu.

"Na mtu haolewi na kaka yake."

"Haolewi," alisema Gatimu, akijifuta macho. Alisikitika, na kila mtu aliona kwamba alisikitika. Lakini furaha yake ilikuwa kubwa zaidi, na hilo pia kila mtu aliliona.

Muriithi alirudi Nyeri na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa ameenda kutafuta wakwe, akarudi na ukoo.

Simeon hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi kibandani mwa baba yake kati ya minyororo na mipira, akazungusha gurudumu lisilo na baiskeli.

"Baba," alisema, "hebu jitazame kwenye kioo."

"Nimejitazama."

"Unaona nini?"

"Uchovu."

"Na hayo madoadoa? Na hayo macho ya rangi ya chai iliyosahauliwa kwenye kikombe?"

"Watu wa Kiriaini ni weupe. Ni ule ukungu wa kwenye majani chai."

"Mzee Gatimu anaishi kwenye huo ukungu, na ni mweusi kama sufuria. Baba, muulize shosho."

"Muulize wewe."

"Mimi ni mjukuu. Atanipa hadithi ya fisi."

Muriithi alijua vizuri sana kwa nini hajawahi kumuuliza mama yake. Akiwa mtoto, wenzake walimwita mahindi ya njano. Wakati wa Hali ya Hatari, askari walimtazama kwa muda mrefu kuliko wengine, na watu wa msituni nao walimtazama kwa muda mrefu kuliko wengine, na katika miaka ile kutazamwa sana hakukuwa na faida yoyote kwa afya. Alijifunza kwamba kuna maswali ambayo jibu lake humfanya mtu akimbie, na yeye hakupenda kukimbia. Kwa hiyo alikuwa amebaki na Kiriaini, jina zuri, lenye shule na kiwanda cha chai, na hakulichokonoa.

Sasa hakuwa na budi. Lakini mtu aliyechoka, akiwa na mlima wa kupanda, kwanza huuzunguka. Badala ya kwenda kwa mama yake, alikwenda Karatina.

Sokoni Karatina aliulizia wazee waliofanya kazi ya reli zamani, akaelekezwa kwa Mzee Wamae, aliyeketi nyuma ya kilima cha kabichi akionekana kichwa tu, hata mtu angeweza kumnunua kwa makosa.

"Kihara wa reli?" alisema Wamae. "Namjua! Nilikuwa nambebea nyundo."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri. Akikasirika anakuwa mwekundu kama nyanya. Akilewa anaimba. Akiimba analia. Jua likimpiga, ngozi inambambuka kama kiazi cha kuchemsha."

"Alisema ni wa wapi?"

"Kiriaini. Kila siku Kiriaini. Ati mvua ya Kiriaini ndiyo mvua, siagi ya Kiriaini ndiyo siagi. Tulichoka."

"Kwa hivyo alikuwa Mgikuyu."

Wamae alimtazama. Kisha alicheka mpaka kabichi moja ikaachana na wenzake ikabingirika hadi kwenye karoti za jirani. "Mgikuyu? Bwana Kihara? Wewe, yule alikuwa mzungu! Tena mzungu aliyekataa."

"Mzungu anakataaje?"

"Ukimwita Mwingereza anavua kofia, anaitupa chini, anaikanyaga. Ati yeye ni Mwairishi. Sisi tulidhani ni jina la ugonjwa." Alimkodolea Muriithi macho, kwanza usoni, kisha kwenye mikono yenye madoadoa. Kicheko kikamwisha. "Kaa chini, mwanangu. Kaa hapo kwenye gunia."

Muriithi aliketi. Kwa dakika chache alikuwa na nafuu: kama Kihara alikuwa mzungu, basi hakuwa baba mdogo wa Gatimu, na watoto wangeweza kuoana. Halafu nafuu ikaondoka. Mzungu wa kutoka Kiriaini? Ni nani angeamini hilo? Angefika kwa Gatimu na kumwambia nini? Kwamba baba yangu ni wa kijiji chako, ana jina la baba yako mdogo, alifanya kazi aliyoifanya baba yako mdogo, alipotea kama alivyopotea baba yako mdogo, ila tu ni mtu mwingine? Hata yeye mwenyewe asingejipa mke.

Mama yake, Watiri, aliishi Tetu. Alimkuta ameketi uani na ungo wa maharagwe mapajani, akitupa mabovu pembeni bila kuyatazama.

"Maitu," alisema Muriithi, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu humwita mama yake hata awe na mvi, "Kihara alikuwa mzungu?"

Vidole havikusimama. "Nani amekuambia?"

"Wamae wa Karatina."

"Wamae bado yuko hai? Alikuwa mwizi wa misumari."

"Maitu."

"Alikuwa mzungu. Kwani kioo chako kimevunjika?"

"Uliniambia ni wa Kiriaini!"

"Ni wa Kiriaini." Sasa alimtazama, na jicho lake lilikuwa kali. "Mimi sijawahi kukudanganya, hata siku moja. Aliniambia kwa mdomo wake, jina langu ni Ohara na kwetu ni Kiriaini. Watu wakaangalia hicho kichwa, hakina hata unywele, wakasema Ohara ni nini, huyu ni Kihara. Hilo la Kihara ni la watu. La Kiriaini ni lake."

"Mzungu hazaliwi Kiriaini, maitu."

"Hilo nililijua kwa miguu." Alitupa harage moja. "Alisema mama yake ni mgonjwa, anaenda kwao, atarudi. Nikangoja. Ukazaliwa. Ulipoanza kushika shingo nikakufunga mgongoni nikaenda Kiriaini kumtafuta. Nani angenizuia? Si ni pale tu, ng'ambo ya vilima? Nikafika sokoni nikauliza, nyumba ya mzungu mwenye upara iko wapi, na mama yake anaendeleaje. Wanawake walicheka mpaka wakaweka mizigo chini."

Muriithi alichutama kando ya ungo.

"Alikuwa ameniambia kwao kuna kilima, na chini ya kilima kuna maji, na hayo maji hayana ng'ambo. Na reli inapita katikati, kati ya kilima na maji, karibu ilowe. Baba yake alifanya kazi kwenye hiyo reli. Basi nikasema hawa wanawake ni wajinga, nitatafuta hayo maji mwenyewe. Nikashuka bondeni, nikapata mto. Nikasimama hapo, nikaangalia ng'ambo." Akayatikisa maharagwe. "Kulikuwa na ng'ombe."

"Toka siku hiyo," alisema Watiri, "nimesema ukweli kama nilivyopewa. Wa Kiriaini. Anayetaka kucheka acheke."

Muriithi sasa alitaka jambo moja: Mwairishi mmoja, yeyote, atakayesimama mbele ya Gatimu na kusema huyu Kihara ni wetu. Wazee hukubali kinywa cha ukoo kuliko kitu kingine chochote. Alikwenda kwa mapadre wa Nyeri, lakini hao walikuwa Waitaliano, na yule aliyempata alikunja uso kama aliyesingiziwa. "Airishi? Mimi? Hapana! Airishi yuko Kerugoya." Basi vilima vingine vikaongezwa kwenye hesabu ya magoti.

Padre Donal wa Kerugoya alikuwa mzee mrefu, mwembamba, ambaye mvua ya milima ile ilikuwa imemkausha badala ya kumlowesha. Alimsikiliza Muriithi kwenye baraza la kanisa, mkono shavuni. Alikijua Kiswahili vizuri, kwa namna ya mtu aliyekijifunza kwa waumini wake.

"Kwetu Ayalandi hakuna Kiriaini," alisema mwishowe. "Pole, bwana Muriithi. Ningependa iwepo. Hakuna jina kama hilo."

Muriithi alitikisa kichwa kukubali. Hakushangaa hata kidogo. Aliinuka kwa awamu, kwanza mgongo, halafu goti moja, halafu la pili. Ndani ya kanisa kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na sauti za kina mama zilipanda zikagonga mabati: *Hareruya! Hareruya! Hareruya!*

Padre Donal aligeuza kichwa. "Hebu rudia hilo jina."

"Kiriaini."

"Hawa wanaimba nini huko ndani?"

Muriithi aliona swali hili ni la ajabu kwa padre. "Wanaimba Hareruya."

"Hareruya," alisema padre polepole. "Hawa watu wananiita Padre Donaro. Mkristo wangu mmoja alikuja kuungama ameiba rori, nikadhani ni aina ya mbuzi. Mungu wangu, nina masikio ya nini?" Akamshika Muriithi mkono, akamvuta hadi kwenye gari lake, ambalo lilikuwa na vumbi la kutosha kuandikia sheria za nchi. "Sisi tukisikia jina lenu, tunaliharibu. Na nyinyi mkisikia letu, mnalilainisha. Tuirudishe hiyo L mahali pake. Ki-la... Ki-li..." Aliandika kwenye vumbi kwa kidole: Kil. "Kil ni kanisa, kwa lugha ya zamani ya kwetu. Ayalandi ziko Kil kama maharagwe. Kilkenny, Kildare, Killarney. Sasa tuchague. Mama alisema kuna nini?"

"Kilima. Chini yake maji yasiyo na ng'ambo. Reli katikati, karibu ilowe."

Kidole cha padre kilisimama juu ya vumbi. Alipoandika tena aliandika kwa mwendo wa mtu anayeandika jina la mtu wake. Killiney. Herufi zilikaa namna moja na kinywa chake kikasema namna nyingine, kama ilivyo desturi ya lugha ile. "Kilaini," alisema.

"Kitu laini?"

"Kitu kigumu kabisa. Mawe matupu. Treni inapita chini ya kilima, na bahari inarushia madirisha maji. Mjomba wangu alinipeleka kuogelea hapo nikiwa mdogo. Baridi yake, bado iko hapa." Akajigonga kifuani. "Na huyo Ohara wenu ni O'Hara, jina la watu tangu zamani. Kwetu wako wengi kama mbuzi. Nitawaandikia wa parokia ya huko watafute kwenye vitabu vya ubatizo. Itachukua muda, na labda hawatapata."

"Gatimu hawezi kungoja wafu wajibu barua," alisema Muriithi. Alijaribu jina hilo mdomoni. "Kiraini. Kiriaini." Akaachana nalo. "Padre, wewe si wa ukoo wetu. Lakini sina mwingine. Utakuja kukaa upande wangu?"

"Kama mzee wa ukoo?"

"Kama mzee wa ukoo."

Padre alifikiri kidogo. "Kuna pombe?" aliuliza.

Walikwenda Kiriaini wanne: Muriithi, Simeon, Padre Donal, na Watiri aliyekataa kuachwa. Barabara ilipozunguka bonde la mwisho, Watiri hakuutazama mto.

Gatimu alikuwa ametoa kigoda cha marehemu baba yake na kukiweka kivulini, na kigoda hicho hakikuwa cha mgeni. "Ndugu yangu, keti hapa," alimwambia Muriithi. "Na umeleta padre! Atubarikie nyumba." Muriithi alikitazama kile kigoda. Katika uchovu wote aliowahi kuujua, huu ulikuwa mpya.

"Sitaketi hapo," alisema. "Mzee Gatimu, nisamehe. Nimekuja kukunyang'anya kitu."

Alieleza yote. Wazee wa Kiriaini walisikiliza, na mmoja alipoelewa kwamba marehemu alikuwa mzungu, aliinamia upande kuichunguza ile pua upya, kwa mashaka. Gatimu hakuitazama pua. Alimgeukia padre na kumsemesha Kiswahili.

"Rakini Padre! Hata huyo mama mwenyewe anasema ni wa Kiriaini. Wamae wa Karatina, Kiriaini. Wewe nawe unasema si wa Kiriaini. Kiriaini ziko ngapi?"

"Mzee wangu," alisema padre, "nitataja jina la kwao Kihara, na wewe nisaidie kulisema kwa sauti, watu wote wasikie. Kilaini."

Gatimu alikuwa mwenyeji mwema. Alikohoa, akavuta pumzi. "Kiriaini!"

"Kilaini."

"Kiriaini! Si ndiyo hapa?"

"Kiriaini," wakasaidia wazee wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa moyo safi. Hakuna hata mmoja aliyesikia tofauti yoyote. Padre alimtazama Muriithi. Muriithi alitazama viatu vyake.

Ndipo Kagure akaweka chini birika la chai. Kila wiki alisahihisha madaftari ya watoto wa Kiriaini kwa kalamu nyekundu, na baba mkubwa wake alikuwa amemlea, kwa hiyo alikuwa na haki pande zote mbili.

"Baba mkubwa," alisema kwa upole, "sema 'lala'."

"Rara."

"Sema 'lori'."

"Rori. Mbona unanifanya mtoto?"

"Sema 'Haleluya'."

"Hareru..." alisema Gatimu, na hapo akanyamaza. Alikuwa amejisikia. Midomo yake ikajaribu tena, kimya, mara moja, kisha ikafungwa.

Hakuna aliyecheka. Hata Simeon, ambaye alikuwa na sababu kubwa ya kufurahi kuliko wote, aliinamisha kichwa. Gatimu alienda taratibu hadi kwenye kigoda cha baba yake, akaketi mwenyewe, akiwa ameelekea barabara.

"Kwa hivyo si yeye," alisema.

"Si yeye," alisema Muriithi.

"Nilikuwa nimeshawaambia watu kanisani."

Watiri ndiye aliyefuata kusema, lakini hakusema na Gatimu. Alimshika padre mkono wa kanzu. "Padre. Siku ile nilipokuja hapa nikarudi. Kama ningeendelea kutembea, ningefika?"

"Mama, kuna bahari katikati."

"Hayo maji yasiyo na ng'ambo."

"Hayo."

Watiri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa mwishowe ni kwa nini dukani hapakuwa na chumvi. "Basi nilisimama kwenye mto wa watu wengine," alisema. Akaenda akaketi nyasini karibu na kigoda cha Gatimu, na wote wawili wakaitazama barabara, kila mmoja na Kihara wake.

Gatimu alipozungumza tena, gunia la viazi lilikuwa limerudi kwenye sauti yake, ingawa halikuwa limejaa.

"Msichana mtampata," alisema. "Kaka si kaka tena. Mambo ya mbuzi wa mahari yatazungumzwa na wazee, mimi si mtu mgumu. Rakini," na hapa alisita, akajitazama mdomo kwa macho makali, akaamua kuendelea tu, "niko na sharti moja. Nirikuwa na Kihara, mkamchukua mkampereka Ayarandi. Mimi nataka wangu. Wewe Muriithi umejua kutafuta watu. Kabra ya harusi au baada ya harusi, kwangu ni sawa. Nitafutie baba yangu mdogo."

Simeon alimtazama baba yake. Kagure alimtazama baba yake Simeon. Padre Donal, mzee wa ukoo, alikitazama kibuyu cha pombe ambacho mpaka sasa hakikuwa kimemfikia.

Muriithi alifikiria vilima. Alifikiria Karatina, na Wamae nyuma ya kabichi zake, na vituo vyote vya reli kutoka hapo hadi Nanyuki, na wazee wote wa vituo hivyo, na kila mmoja na kicheko chake. Mambo haya yalikuwa yameisha hivi punde tu, na sasa yalikuwa yanaanza upya.

"Alikuwa na upara?" aliuliza.

"Hapana. Alikuwa na nywele nyingi sana. Ni jina tu."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?"

Gatimu alisogea kwenye kigoda, akamwachia nafasi ya nusu. Muriithi akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, kwa maana jibu lilielekea kuwa refu.